Kijiko Kilekile

Najua mmenuna. Wiki nzima nimesemwa kwamba sina utu, eti nimemwacha Wifi chali sakafuni, Mkemia kamwekea sikio kifuani, halafu nikaweka kalamu chini nikaenda zangu kula. Haya, nimeshiba. Wifi bado yuko sakafuni, na sikio la Mkemia bado liko kifuani pake.

Kimya.

Mkemia alibana pumzi. Nyuma ya ukuta mashine yake ilikuwa inalia ule mlio wake mwembamba wa kukera meno, na mlio huo ulimzuia kusikia. Alikandamiza sikio zaidi.

Du.

Halafu kimya kirefu, cha kumfanya mtu atubu hata dhambi za jirani.

Du.

"Unapiga!" alipaza sauti. "Mama, moyo wake unapiga! Ila polepole mno. Mwite Baba Kipusa alete gari!"

Mama Dawa alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameukumbatia mguu wa bintiye. "Ni ule ugonjwa wao," alilia. "Umemrudia. Nilichelewa kumpa dawa. Mimi mama yake mzazi nilichelewa!"

"Mama, hayo baadaye. Mwite!"

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nikuweke sawa upesi, maana gari linakuja. Mama Dawa ni mama mkwe wa Mkemia, na duka hili la miti shamba ni lake. Ukoo wa marehemu mumewe una mioyo inayokwenda mbio bila kufukuzwa na mtu. Mume alikufa na ugonjwa huo, na watoto wake wawili wameurithi: Fundi, anayetengeneza mashine za hospitali na ndiye mume wa Mkemia na baba wa mtoto wao Kipusa, na mdogo wake wa kike, huyu Wifi aliyelala hapa. Dawa yao ni jani moja liitwalo mpozamoyo. Likitumika kwa kiasi, moyo hutulia. Likizidi, moyo hutulia moja kwa moja.

Maisha yake yote Mama Dawa amelichemsha jani hilo kwenye sufuria, kikapu kizima, na kuwapa wagonjwa kijiko cha mti asubuhi na jioni. Alipoingia mke wa mwanawe na elimu yake ya kemia, aliingia na Nyuki, kazi ya mikono ya Fundi. Ndivyo mtaa ulivyoibatiza ile mashine. Unasaga konzi moja ya majani, unayaloweka, unatumbukiza fimbo ya chuma, unawasha. Fimbo inatetema kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyafikii. Tunachosikia sisi ni manung'uniko ya chuma tu. Mawimbi hayo yanazua vipovu vidogo visivyoonekana, vipovu vinapasuka, na kila kinachopasuka kinalichana jani hadi ndani kabisa. Sufuria huacha nusu ya dawa kwenye makapi. Nyuki haachi kitu.

Ndiyo maana Mkemia alikataza kijiko. Dawa ya Nyuki ni matone matatu, basi. Mama Dawa aliapa kwa kaburi la mumewe kwamba ameelewa.

Lakini kuna jambo Mkemia hakumwambia. Majani yale hayalowekwi kwenye maji matupu, yanalowekwa kwenye spiriti. Mama Dawa hajawahi kuruhusu kileo kivuke kizingiti cha duka lake, kwa hiyo Mkemia alimwambia ni maji maalumu. Wasomaji wangu wa tangu mwanzo mliuona uongo ule ukizaliwa, na wengine mlichekelea.

Gari hilo limefika.

Fundi aliingia dukani akagonga rafu ya tangawizi, hakugeuka kuangalia kilichoanguka. Alimnyanyua dada yake mzimamzima akatoka naye. Dakika chache baadaye walikuwa barabarani, Mama Dawa mbele anaomba dua, Mkemia nyuma na kichwa cha Wifi mapajani.

Kumpenda wifi ni kazi, wengi wenu mnanielewa. Hawa wawili walipendana. Mkemia alipoolewa nyumba ile ilimkazia macho, na aliyemsogezea kigoda siku ya kwanza akamwambia "kaa hapa na mimi, wifi" ni huyu aliyekuwa sasa anaguguna maneno mapajani mwake.

"Wifi, usilale. Nisemeshe chochote."

"Yule mteja..." Midomo ya Wifi ilikuwa imepauka. "Mwambie asubiri. Napima tangawizi yake."

"Mteja keshakimbia, wifi yangu."

"Ndivyo walivyo," Wifi alisema, na macho yakafumba.

"Baba Kipusa, kanyaga mafuta!" Mkemia alipiga kelele.

Fundi alikanyaga.

Chumba cha dharura kilikuwa na harufu ya dawa ya kufutia sakafu na pazia la kijani lililokatika pete mbili. Muuguzi alimbandika Wifi nyaya kifuani, skrini ikawaka, na mstari ukaanza kujikokota. Unapanda kidogo, unalala, unalala, unalala, unapanda tena. Daktari wa zamu aliutazama, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akautazama upya.

"Amekula nini? Amekunywa nini leo?"

"Dawa ya majani," Mkemia alijibu. "Ya moyo. Nimeitengeneza mimi mwenyewe, mimi ni mkemia. Matone matatu."

"Nani alimpa?"

"Mimi, baba," alisema Mama Dawa. "Mchana huu, alipomaliza kula."

"Matone matatu?"

Mama Dawa alimtupia mkwewe jicho, mara moja tu, akalirudisha chini.

"Matone," alisema.

Daktari alisugua kidevu. "Yapo majani ambayo yakizidi mwilini yanaufanya moyo hivi hivi. Ningekuwa na shaka nayo. Lakini kwa matone matatu..."

"Haiwezekani," Mkemia alimkata. "Kila chupa naipima kabla haijatoka mezani. Matone matatu hayamwangushi hata paka. Daktari, tafadhali tafuta kwingine, usipoteze muda na dawa yangu."

Hapo ndipo nilipotamani kuingia ndani ya hadithi nimzibe mdomo kwa kiganja. Alikuwa na hofu, ndiyo. Lakini alikuwa pia na fahari, na fahari ndiyo iliyosema.

"Basi itakuwa ni donge la damu," daktari alisema taratibu. "Limeziba mshipa wa moyo. Ipo sindano ya kuyeyusha donge. Ila nawaambia wazi nyote. Kama hakuna donge, sindano hiyo inaweza kumvujisha damu kichwani, na hapo hatutakuwa na la kufanya. Sitaki kubahatisha. Nileteeni hiyo chupa niione kwa macho yangu."

"Utasubiri mpaka lini?"

"Mimi naweza kusubiri, dada. Asiyeweza ni yeye. Kimbia."

Kwenye korido Fundi alimshika mkewe mkono.

"Mama Kipusa, niangalie. Ni Nyuki?"

"Si Nyuki."

"Apa."

"Naapa. Unadhani ningempa wifi yangu kitu ambacho sikiamini?"

"Kwa sababu kama ni Nyuki," Fundi alisema, "nitaivunja kwa nyundo ile ile niliyoitengenezea. Na sijui mimi na wewe tutatazamana vipi."

"Mwache mkeo!" Mama Dawa alisimama kutoka kwenye benchi. "Dawa haina kosa. Nimeishi na jani lile kabla wewe hujaota meno. Mwache."

Mkemia alimkodolea macho. Tangu aolewe, mama mkwe wake hajawahi kumtetea mbele ya mtu, si kwa chumvi ya mchuzi, si kwa namna ya kukunja shuka. Leo kamtetea. Machozi yalimlenga, na kwa sekunde chache alijihisi si peke yake tena. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kukubaliana walikuwa wamekubaliana, na walikuwa wamekosea wote wawili.

"Haya," Fundi alisema. "Shule inatoa watoto saa hizi. Namfuata Kipusa, siwezi kumwacha getini. Nikirudi nataka nimkute dada yangu anapumua."

Aliondoka upande mmoja na mkewe akaondoka upande mwingine. Mkemia alirukia pikipiki ya kwanza aliyoiona mbele ya geti, na mwenye pikipiki alipouliza wapi, alimwonyesha kwa mkono.

Nyumbani duka lilikuwa limerudishiwa mlango tu. Mlio wa Nyuki ulimpokea tangu barabarani. Katika ile hekaheka hakuna aliyekumbuka kuizima! Alipita kwenye tangawizi iliyomwagika, akaingia maabara. Barafu ya kupozea ilikuwa imeyeyuka yote kwenye beseni, glasi ya majani ilikuwa ya moto na fimbo ilikuwa inapiga kelele. Alizima.

Utulivu ulioingia ulimtisha zaidi ya kelele.

Chupa. Chupa ndogo ya kahawia, yenye mpira wa kudondoshea. Huwa inakaa rafu ya juu dukani, nyuma ya mizani. Alinyoosha mkono, akaigusa, akashusha pumzi.

Ilikuwa nyepesi.

Alichungulia ndani. Tupu. Si tupu ya kuisha, maana hata doa halikuwamo. Chupa ilikuwa imeoshwa, na ndani ilikuwa bado na unyevu wa maji safi. Mpira wa kudondoshea ulikuwa umewekwa pembeni juu ya kitambaa, mkavu.

Chupa ile aliijaza mwenyewe, juzi tu. Ilikuwa dawa ya kuwatosha Wifi na Fundi miezi na miezi.

"Nani kaosha?" aliuliza kwa sauti, kana kwamba mizani ingemjibu.

Alitafuta chini ya meza. Alifungua droo. Alipekua kikapu cha takataka kwa mikono mitupu. Muda ulikuwa unakwenda, na kila alipofumba macho aliuona ule mstari kwenye skrini unavyojikokota. Mwishowe alikimbilia jikoni kunawa mikono, na hapo akasahau maji.

Juu ya jiko lililokwisha kupoa kulikuwa na kasufuria kadogo ka kuchemshia maziwa. Ndani, chini kabisa na pembeni, kulikuwa na utando mweusi wa ukijani, mzito, unaonata. Kando yake kulikuwa na kijiko cha mti, kile cha Mama Dawa, kilekile alichopimia watu dawa tangu ujana wake. Kilikuwa na utando uleule.

Mkemia alikainua kasufuria akakanusa. Harufu ya jani la mpozamoyo ilimpanda kichwani. Harufu ya spiriti haikuwapo, hata chembe.

Akaelewa yote kwa mara moja, na nisingependa mtu yeyote aelewe jambo kwa namna ile. Mama Dawa amekaa na miti shamba maisha yake yote. Pua yake haidanganyiki kwa maneno ya maji maalumu. Alifungua chupa, akasikia kileo. Hakugombana, hakuuliza. Alikitoa tu, kwa njia anayoijua, kwa moto. Spiriti ikaruka, maji yakaifuata, na ile dawa yote ambayo Nyuki aliikamua kutoka kwenye majani ikabaki chini ya kasufuria, imejibana kama jamu. Jamu haidondoki kwa matone.

Kwa hiyo alichota.

Mkemia alitoa simu akampigia mama mkwe wake. Simu ililia hapo hapo, dukani, chini ya kaunta. Alimpigia Fundi, ikaita mpaka ikakata. Alikuwa kwenye usukani, na akiwa kwenye usukani Fundi huwa hapokei. Namba ya daktari hakuwa nayo. Aliyokuwa nayo ni miguu.

Alitoka mbio na kasufuria kifuani, kijiko ndani yake. Yule wa pikipiki alikuwa bado nje, anasubiri.

"Dada, unarudi hospitali na sufuria?"

"Washa!"

"Nauliza tu..."

"Washa, kaka yangu, mtu anakufa!"

Hakuuliza tena. Walipita katikati ya magari, walipanda ukingo wa barabara, na mama mmoja muuza nyanya aliwatolea maneno ambayo mhariri wangu hatakubali niyaandike.

Alipofika mlango wa dharura, pazia la kijani lilikuwa wazi nusu. Muuguzi alikuwa ameshafunga mpira kwenye mkono wa Wifi, mshipa umejitokeza. Sindano ilikuwa mkononi.

"Acha!"

Kila mtu aligeuka.

"Acha, usimchome! Hakuna donge! Ni dawa yangu, daktari, ni dawa yangu!"

Daktari aliinua kidole, muuguzi akasimamisha mkono hewani. "Umesema haiwezekani."

"Nimesema uongo. Sikujua kuwa ni uongo. Hii hapa." Alimsukumia kasufuria. "Chupa nzima imechemshiwa humu mpaka ikakauka. Hakunywa matone. Alikunywa kijiko."

"Una hakika? Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi nani alimwona? Mstari huu unakaribia kulala, dada! Nani alimwona?"

Mkemia aligeuka. Mama Dawa alikuwa amesimama ukutani, amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga, macho yake kwenye kile kijiko. Hakusogea.

"Mama, sikugombezi. Nakuomba. Ulimpa kijiko?"

"Niliapa matone," Mama Dawa alisema kwa sauti ya chini sana. "Niliapa kwa kaburi la baba yao. Ningesemaje kijiko mbele yako, ukaniona mimi mtu mzima sina kiapo?"

"Mama, kijiko kimoja au viwili?"

"Kimoja. Kimejaa." Aliteleza ukutani mpaka sakafuni. "Haikudondoka! Nilipindua ule mpira wako, nikabana, haikudondoka. Nikasema basi nitumie kile nilichokizoea. Nimepima nacho maisha yangu yote, hakijawahi kumdhuru mtu. Nimemuua mwanangu?"

"Bado," alisema daktari, na tayari alikuwa anatembea. "Toa hiyo sindano hapa. Leteni ya kuuamsha moyo. Na mtu akimbie stoo kuu, kuna dawa ya kukamata sumu ya namna hii, ipo kwenye friji, asirudi bila hiyo! Nyinyi wawili, nje ya pazia."

Walikaa sakafuni, nje ya pazia, bega kwa bega. Viatu vilipita mbele yao mbio, vikarudi mbio. Mtu alidondosha trei akatukana kwa sauti.

"Uliniambia ni maji maalumu," Mama Dawa alisema bila kumtazama.

"Ndiyo, Mama."

"Nilinusa nikajua. Nikajiuliza, huyu msichana ananiona mimi mjinga kiasi gani?"

"Si mjinga. Nilikuogopa."

"Ungeniambia ni kileo ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Ningekataa," Mama Dawa alirudia, "tungegombana siku mbili, ningenuna siku ya tatu, na ya nne ningekuuliza kitatokaje humo. Ungenieleza. Mimi hununa, lakini husikia." Alivuta kamasi. "Na mimi ningekuambia kwamba nimekichemsha. Nilitaka nikuoneshe siku moja, mwanangu akishapona, kwamba nimeitoa pombe yako na dawa imefanya kazi vilevile. Nilitaka nikucheke kidogo."

Mkemia aliinamisha kichwa magotini akalia. Hakulia kwa ustaarabu, alilia kwa sauti, akiwa na utando wa dawa kwenye kucha na vumbi la barabara usoni. Alimlilia Wifi, na alijililia mwenyewe kwa yale maneno aliyomwambia daktari kwa kiburi, matone matatu hayamwangushi hata paka. Mkono wa mama mkwe wake ulimgusa mgongoni, ukasita, kisha ukatua.

Ndani ya pazia, skrini ilibadili mlio.

Wote wawili waliinua vichwa.

Du, du. Kimya kifupi. Du, du, du.

"Unapanda," sauti ya muuguzi ilisema. "Daktari, unapanda!"

Pazia lilivutwa. Wifi alikuwa amelala vilevile, lakini midomo ilikuwa imeanza kurudiwa na damu, na kope zilikuwa zinacheza. Mstari kwenye skrini haukuwa unajikokota tena. Ulikuwa unatembea, tena kwa heshima zake.

"Mama," Wifi alisema bila kufumbua macho. "Mbona mnapiga kelele?"

Mama Dawa alijitupa kitandani akambusu viganja, paji la uso, nywele, alichofikia alikibusu. Mkemia alibaki amesimama kwa sababu hakuamini kwamba akisogea jambo lile halitaharibika. Alitamani Fundi angekuwapo aone.

Na mimi, kwa huruma zangu, ningewaacha hapo wiki hii. Mnastahili. Lakini daktari hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama chini ya taa na kasufuria mkononi, anakageuza, anakakwaruza kwa ncha ya kalamu.

"Dada mkemia," alisema. "Chupa ilikuwa na dawa ya muda gani?"

"Miezi mingi. Ya watu wawili."

"Ikichemka mpaka kuwa uji wa namna hii, inabaki vijiko vingapi?"

Mkemia alipiga hesabu kichwani. Ilimjia upesi, ndiyo kazi yake. "Vitatu. Pengine vitatu na kidogo."

"Mgonjwa amekunywa kimoja." Daktari aliinamisha kasufuria awaonyeshe. "Humu hakuna hata nusu kijiko. Vingine viko wapi?"

Mama Dawa alikuwa bado ameinamia viganja vya bintiye. Mgongo wake ulikauka.

"Mama?" Mkemia alisema.

"Alikuwa anahema," Mama Dawa alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Alipomwona dada yake sakafuni, moyo wake nao ulianza mbio. Wewe ulikuwa unamlaza Wifi nyuma ya gari. Alishika mlango wa jikoni, akaniambia, mama, na mimi unanishika. Nikasema sitachelewa tena. Huyu sitamchelewesha."

"Nani, Mama?"

"Ni mtu mkubwa wa mwili," Mama Dawa alisema. "Nilimpa viwili."

Korido, taa, pazia, vyote vilikwenda mbali. Mkemia hakusikia daktari anapouliza ni nani huyo na yuko wapi. Alikuwa ameshatoa simu, vidole vinateleza, anabonyeza jina la mumewe.

Iliita. Ikaita. Ikaita.

Ikapokewa.

"Baba Kipusa!" alipiga kelele. "Simamisha gari! Popote ulipo, simamisha sasa hivi, usiulize!"

Kwenye simu kulikuwa na mngurumo wa injini na honi za watu wengine, honi nyingi, za hasira. Kisha sauti ndogo, ya mtoto anayejitahidi kusema vizuri kama alivyofundishwa kupokea simu ya wakubwa.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi Kipusa. Baba amelalia usukani, namtikisa haamki. Na gari bado linakwenda."